Mshahara wa Mlezi Katika Makisio ya Baraza

Mume wangu alifia katika shimo la dhahabu huko Geita, mwezi Agosti 1951, nikiwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto wetu wa mwisho alizaliwa Desemba ya mwaka huohuo. Julai 1952, msimu wa pamba ulipofunguliwa, nilipata kibarua cha kuchagua pamba katika kinu kimoja cha Shinyanga. Watoto wachanga hawakuruhusiwa ndani, kwa sababu ya vumbi na mikanda ya mashine. Kwa hiyo binti yangu wa miaka minane alishinda nje ya uzio, mdogo wake mgongoni, pamoja na wasichana wengine waliobeba wadogo zao vilevile.

Kila asubuhi wanafunzi walipita mbele yao na vibao vyao vya kuandikia. Siku moja binti yangu akaniuliza, “Mama, nami nitaenda lini?”

“Januari,” nikamjibu. Sikujua itawezekanaje.

Oktoba ile Baraza la Wenyeji lilikaa kupitisha makisio ya mapato na matumizi ya mwaka uliofuata. Nilikwenda nikasimama mlangoni mpaka nikaruhusiwa kusema. Sikwenda kuomba sadaka. Nilitaka bibi mmoja jirani yetu alipwe mshahara, awalee watoto wetu katika banda la zamani la mbegu, ili dada zao wapate kusoma.

Mjumbe mmoja mzee akatabasamu, akaniita mama kwa Kisukuma. “Mayo, hizi ni fedha za kodi, na kodi hulipwa na wanaume. Wewe umelipa nini?”

“Shikamoo kwanza, mzee wangu.”

“Marahaba.”

“Kila nikiuza pamba ya shamba langu mnakata ushuru. Pale kwenye mizani hakuna aliyeuliza kama mwenye mzigo ana ndevu.”

Watu walicheka, naye akashika kidevu chake. Mwingine akasema, “Lakini mtoto kulelewa na dada yake kuna ubaya gani? Sote tumelelewa hivyo.”

“Nami nililea hivyo,” nikasema. “Ndiyo maana nimesimama hapa na siwezi kusoma karatasi iliyo mbele yenu.”

Mtemi, aliyeongoza baraza, akamwuliza karani josho la ng'ombe lina walinzi wangapi. Karani akajibu kwamba ni wawili, ila mmoja ameacha kazi. “Basi mshahara wake apewe huyo bibi,” mtemi akasema, “kwa mwaka mmoja.”

Januari 1953 binti yangu aliingia darasa la kwanza.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Pamba ikawa haba, na ushuru ukapungua pamoja nayo. Oktoba baraza likakaa tena, likafuta mshahara wa mlezi kuanzia siku ileile. Josho halikuguswa. Jioni ile binti yangu alichukua kanga, akainama, akamweka mdogo wake mgongoni, ingawa alikuwa amekwisha kuwa mzito. Nikaifungua ile kanga, nikamshusha mtoto.

Kesho yake sikwenda kiwandani. Nilikwenda bandani kulea watoto pamoja na bibi, asije akakata tamaa bila mshahara, na akina mama wenzangu wakatulipa kwa michembe ya viazi vikavu na mtama, kila mmoja kwa alichoweza. Tulilala njaa zaidi ya mara moja. Binti yangu hakukosa shule. Alasiri alikuja bandani, akakaa kando yangu, akanifundisha herufi alizokwisha kujifunza. Nilikuwa mwanafunzi mzito, naye hakuwa na subira. “Mama, hiyo tumeisoma jana!” alikuwa akinikemea mbele ya watoto wote.

Novemba 1954 makisio ya mwaka wa 1955 yalibandikwa kwenye mlango wa baraza. Yalikuwa maandishi ya kwanza niliyoyasoma peke yangu nje ya banda lile. Nilikwenda polepole, kidole juu ya karatasi, nikimtafuta mlezi wetu: barabara, zahanati, mlinzi wa josho, karani. Nilipofika mwisho sikuwa nimemkuta mlezi wa watoto. Nikadhani ni usomaji wangu mbaya, nikarudi juu kabisa, nikaanza upya.