Kipigo Changu Kimetoka Ng'ambo

Leo nimepigwa na kijiji kizima kwa kosa lililofanyika ng'ambo.

Sikilizeni, jamani.

Lori letu la kijiji cha ujamaa lilipasuka bomba la breki mteremkoni, tukiingia kijijini kwetu Liuli. Mimi dereva nikalipeleka ufukweni mwa ziwa nisiue watu. Likasaga mitumbwi.

Sijashuka vizuri, wakanivuta kwa ukosi. Ngumi, mateke, makasia! "Mlevi! Umevunja mali yetu sote!" Jino likang'oka.

Hata mama mkwe! Kwa mila yetu hatutazamani. Nikipita hujifunika khanga. Leo kaja kifua mbele, kanizaba kofi.

Mara likafika gari la kiwanda cha Dar es Salaam kinachounganisha malori haya. Fundi akashuka na bomba jipya.

"Wenzetu ng'ambo wanaotengeneza malori haya walishabadilisha bomba la breki, maana lile la zamani hupasuka. Sisi tulichelewa kuambiwa, tukaendelea kulifunga. Nimekuja kulitoa."

Makasia yakashushwa.

Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Pole, ndugu dereva."

Nikatema damu. Yule fundi nikamtandika ngumi, akaketi mchangani.

Kisha nikamgeukia mama mkwe.

Ameshajifunika khanga mpaka puani. Eti mila!

Haya, semeni ninyi: kofi lake nalirudishaje?