Insha ya Kiingereza ilivyonisaidia kwenye kikao cha ukoo kuhusu shamba la Mngeta

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni mlionizidi umri.

Haya yamenitokea mwenyewe, hapa hapa Ifakara. Sijaongeza chumvi, ila majina nimebadilisha maana watu wa ukoo nao wana simu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Lipangalala, nafanya usafi kwenye zahanati ya mtu binafsi. Form four nilifeli Kiingereza, na bila Kiingereza chuo ninachokitaka hakinipokei. Nikaanza kusoma jioni na wenzangu wanaorudia mtihani.

Wakati huo mume wangu, Deus, alikuwa amefariki si muda mrefu.

Mwalimu wetu, Kelvin, ni mdogo kwangu kabisa. Ananiita mama, namwita mwalimu.

Siku moja akatugawia hadithi fupi ya Kiingereza. Mjane anaitwa kikao na wakwe zake, anaingia ana shamba, anatoka hana kitu. Swali la insha: kwa nini alishindwa?

Darasa zima tukaandika mila kandamizi. Si ndivyo tulivyokaririshwa? Ukiona mwanamke analia kwenye hadithi, andika mila kandamizi, marks zinakuja.

Kelvin akanirudishia karatasi.

"Mama, hii ni point. Ushahidi wake uko wapi?"

"Mwalimu, mjane kanyang'anywa shamba, unataka ushahidi gani tena?"

"Kasome tena kile kikao. Angalia yeye mwenyewe alisema nini."

Nikasoma tena nyumbani, kamusi pembeni. Nilichokiona kilinikera.

Yule mama alikuwa na haki, lakini aliongea yote kwa mpigo. Shamba, matusi ya msibani, wifi yake, sufuria zilizopotea. Wazee wakadaka sufuria. Kikao kizima kikawa cha sufuria, shamba likapita kimya kimya.

Nilimkasirikia kama ndugu yangu. Maana wiki ile ile na mimi nilikuwa nimeitwa kikao.

Wakwe zangu ni Wapogoro wa upande wa Mahenge, watu wa kanisa, si watu wa fujo. Ila shemeji yangu mkubwa, Severini, alishaanza kusema shamba letu la mpunga kule Mngeta ni la ukoo, na mimi bado kijana, nitaolewa kwingine.

Nikamweleza Kelvin. Akasema sheria haijui.

"Ila insha naijua, mama. Sema unachodai kwenye sentensi ya kwanza. Kila hoja na ushahidi wake. Ukifika conclusion, usiingize jambo jipya."

Nilidhani ananitania.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa Mzee Romani, baba mdogo wa marehemu. Nikasalimia, nikasema:

"Baba, naomba shamba la Mngeta libaki la watoto wa Deus, na mimi nililime mpaka wakue."

Nikaenda taratibu. Kwamba tulilinunua tukiwa tumeshafunga ndoa, na jirani wa shamba aliyeshuhudia nimekuja naye, akasema alichokiona. Kwamba hata Deus alipokuwa kitandani niliendelea kupalilia na kuvuna, na mchele ule walioko pale wameshaula. Kwamba watoto wanabeba jina la ukoo huo huo, kwa hiyo shamba haliendi kokote.

Severini akacheka. "Shemeji umetuletea shule? Na ile pawatila ya marehemu uliyoificha kwa kaka yako, mbona huisemi?"

Sikuificha! Katrekta kenyewe ka kulimia kalikuwa kwa fundi. Mdomo ukafunguka nimjibu, nikakumbuka sufuria.

"Pawatila tutaiongelea, shemeji, zamu yake ikifika. Naomba kwanza tumalize shamba."

Mzee Romani akaniangalia. "Una lingine, mwanangu?"

Wakuu, hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Nilikuwa nalo. Deus alilazwa wiki nyingi, na kati ya wote waliokaa sebuleni pale hakuna aliyekuja hata siku moja kunisaidia kumgeuza kitandani. Neno lilinifika kooni.

Nikasema, "Sina, baba."



Wakabishana wao kwa wao, Kipogoro kitupu, mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubali shamba libaki kwa watoto, mwenyekiti wa mtaa akaitwa kushuhudia.

Pawatila akaichukua Severini. Iliniuma, na bado inaniuma. Msimu huu nimelima kwa ng'ombe wa kukodi. Salamu yangu anaiitikia nusunusu.

Mtihani nimefanya. Kiingereza nimepata D, msije mkadhani A. Inanitosha.

Nilichojifunza ni kwamba kuwa na haki ni jambo moja, kueleweka ni jambo jingine. Hadithi ilinionyesha mtu akikosea kabla sijakosea mimi.

Na lile la hospitali sikulimeza moja kwa moja. Juzi nilimpelekea Mzee Romani mchele mpya, tukiwa wawili tu nikamwambia. Hakujitetea.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Hatukuja."

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini kilikuwa kilio cha kutua mzigo.

Mwenye hadithi aliyosoma shuleni ikaja kumfaa ukubwani, aiweke hapa tusome. Na wajane wenzangu mnaosubiri vikao, ulizeni bila aibu, nikitoka kazini nitawajibu.