King'amuzi Chini ya Kitambaa

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Mtoni, nikitokea Madale, bila kujua nitaelekea wapi baadaye. Shule niliachia darasa la sita, lakini chochote chenye skrubu nyuma nilikifungua nione ndani. Kwa hiyo mama mwenye nyumba, mjane muuza vitenge, alinihesabu fundi.

Alikuwa amenunua king'amuzi na dishi lake, na risiti akaiweka pamoja na hati ya kiwanja. Mwezi wa pili kioo cha televisheni kikamtaka alipie kifurushi.

"Nilipie nini tena? Si changu? Sufuria nilinunua sokoni, mbona muuzaji haji kudai wali?"

Mie nikajitia ujuzi. "Mama, ni kama luku ya umeme. Ukizima taa, uniti hazitembei. Wewe kizime, siku zako zitakusubiri."

Akalipia, akatazama siku mbili, akachomoa waya, akakifunika kitambaa cha kufuma. Siku zilizobaki alizihifadhia sehemu ya mwisho ya tamthilia iliyokuwa gumzo la mtaa mzima. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akimcheka kwamba kanunua king'amuzi cha kuvalisha nguo. Mama akaapa kumziba mdomo. Akaalika wanawake wote, na huyo jirani akiwa wa kwanza.

Ijumaa jioni wakajaa mkekani, chai ya tangawizi na kashata mbele yao. Mama akaondoa kitambaa polepole, kama anamfunua bibi harusi. Kioo kikaandika: Kifurushi chako kimekwisha.

"Shoga," akasema jirani, "umetuita tusome?"

Mama akanigeukia. "Mwanangu, si ulisema hazitembei?"

"Labda zimetembea zenyewe, mama."

Akapiga simu huduma kwa wateja, sauti ya juu, wote wasikie. Dada wa huko akamweleza kwa upole kwamba king'amuzi ni chake, ila matangazo ni ya kampuni.

"Na dishi lenu limekaa juu ya bati langu. Kodi mnalipa lini?"

Dada akaomba asubiri. Ukaanza muziki, hadi mama akakata.

Nikamnong'oneza alipie yaishe. "Silipii mara mbili siku ambazo sijazila!" akafoka, lakini machozi yalishaanza kumlenga. Jirani alikuwa anatafuta kandambili zake.

Nikatoka mbio hadi saluni ya kinyozi, nikambembeleza aache mpira kidogo aweke tamthilia, nikampigia mama.

"Bibi harusi anaingia!"

"Kavaaje?" Hiyo sauti ilikuwa ya jirani.

"Gauni jeupe, mkia mrefu. Mama mkwe kanuna."

"Anune tu, mchawi yule!"

Nikasimulia kila kope. Bwana harusi akaulizwa kama anakubali, akafungua mdomo, na simu yangu ikakatika. Bando la wiki lilikuwa limefika mwisho, dakika zikiwa zimebaki tele.

Nilirudi nikihema. Nikawakuta wamegawanyika, nusu wanasema alikubali, nusu alikataa, na jirani akipiga kelele kuliko wote, kashata mkononi.

"Alikataa," nikasema. Nyumba ikalipuka.

Wakati wa kuaga, jirani akauliza kama Ijumaa ijayo kutakuwa na kipindi kingine.

"Njooni," mama akajibu, akinishika bega. "King'amuzi changu ni huyu sasa. Anaonyesha vizuri, na kila mwezi ananilipa kodi yeye."