Dirisha Lililofumba

Hospitalini walinilaza chumba cha peke yangu kwa sababu kifua kikuu changu kilikuwa bado kinaambukiza. Dirisha la chumba kile lilikuwa na vioo viwili, na katikati yake vibati vyembamba vya kukinga jua, vinavyogeuzwa kwa kuzungusha kifundo cha pembeni. Kifundo changu kilizunguka bure. Vibati vilikwama vikiwa vimefumba, na kwa kuwa vilizibwa ndani ya kioo, hakuna mkono ulioweza kuvifikia. Nje lilikuwa jua la kiangazi. Mimi nililijua kwa joto la kioo tu.

Binti yangu, anayeishi Glasgow, alinipigia simu kila jioni. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kisha kila mmoja akangoja mwenzake aage.

Asubuhi moja mwanamke aliyekuja kupiga deki, mwenye hijabu na barakoa iliyomfunika hadi chini ya macho, alinisikia nikisali.

"Mama, kumbe unaongea Kiswahili? Mimi ni Msomali, lakini nimelelewa Nairobi."

"Miye ni wa Bukavu. Karibu, mwanangu."

Akajaribu kifundo. "Hii imeharibika?"

"Niliisha ambia manesi. Wanasema mpaka wabadilishe kioo chote."

Aliinama. Kibati cha chini kabisa kilikuwa kimepinda, kikaacha upenyo. "Nikitoka kazini napitanga hapo chini, naenda kushika basi ya Small Heath. Leo uangalie hapa, mama. Nitakupungia."

Mchana nilipiga magoti, shavu kwenye kioo. Nikaona nyasi, koti la buluu, mkono ukipunga. Nami nikapunga, ingawa nilijua hanioni.

Alifanya hivyo siku kadhaa. Kisha deki ikaletwa na mwingine, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mwenzake amehamishiwa jengo jingine. Niliendelea kupiga magoti mchana.

Nilipopona nilirudi kwangu, mtaa wa Erdington. Jumamosi moja nikapanda basi hadi Coventry Road, kule Small Heath alikokuwa akirudi yule mwanamke wa deki, nikapita maduka nikisikiliza sauti, maana uso wake sikuujua. Mkahawani, nyuma yangu, mwanamke akaagiza chai kwa Kiswahili. Nikageuka.

"Samahani, mwanangu. Ulipata kufanya kazi hospitalini?"

"Hapana, mama, mimi nauza nguo. Kwani unatafuta nani?"

Sikuwa na jina la kumtajia. Akanivutia kiti. Nilikunywa chai yangu pale, tukaongea kidogo habari za mvua, kisha nikaenda kungoja basi.