Pumzi za Kupokezana

Nakumbuka Jumapili moja ya ujana wangu, nikiwa jukwaani katika hoteli moja hapa Arusha, peke yangu na kinanda cha umeme. Nasema peke yangu, mwanangu, ingawa ungefumba macho ungedhani tuko sita. Kinanda kile kilikuwa na dramu ndani, besi, hata tarumbeta. Kazi yako kubonyeza tu.

Kabla ya hapo nilikuwa kiongozi wa bendi. Tulifanya mazoezi Sombetini, nyumbani kwa Sefu, mpiga dramu wetu. Kisha zikatufikia kaseti za muziki mpya wa Uingereza, ule wa vinanda vya umeme na waimbaji wenye huzuni, nami nikapagawa. Nikavaa koti la mabega mapana, nikasimamisha nywele kwa mafuta ya mgando, mama akauliza kama nimepigwa na shoti. Mjomba aliponiletea kinanda kutoka Ulaya, nikaanza kuona wenzangu wananichelewesha. Huyu anaumwa, yule amefiwa. Mashine haifiwi. Nikawaacha mmoja mmoja, Sefu akawa wa mwisho.

"Sawa, kiongozi," alisema akifungasha dramu zake. "Ila hiyo mashine yako haitakucheka ukikosea."

Basi Jumapili ile kulikuwa na harusi, na miongoni mwa wageni alikuwamo Mwalimu Elirehema, aliyenifundisha tarumbeta utotoni, kanisani kwetu huko juu mlimani Meru. Nilipomaliza nikamfuata.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umepiga vizuri. Sasa niambie, ukiishiwa pumzi, nani anakupokea?"

Ngoja nikueleze alichomaanisha. Katika tarumbeta, hakuna kifua kinachoweza kushika sauti ndefu mpaka mwisho. Kwa hiyo alitufundisha, sisi wapigaji wa kanisani, kila mmoja kumsikiliza jirani yake. Yeye akivuta pumzi, wewe unaishikilia sauti. Akirudi, nawe unapumua. Waumini hawasikii pengo, wanadhani ni pumzi moja. Na hodari kwake hakuwa mwenye kifua kipana. Alikuwa yule anayejua mwenzake ataishiwa lini.

"Mashine haipumui, mwalimu," nilimjibu, na kichwa kimenivimba.

"Ndiyo maana haitajua kwamba wewe umeishiwa."

Nilikunja nyaya zangu peke yangu siku ile, na maneno yale yakanilalia kifuani. Kesho yake nikaenda Sombetini.

"Kiongozi," Sefu akanipokea, "mashine inaumwa nini?"

Tukacheka, tukanywa chai. Nikamwomba arudi, tuwatafute na wengine. Alikoroga chai yake muda mrefu, ingawa sukari ilishayeyuka zamani.

"Sina kinyongo na wewe," alisema. "Lakini sasa napiga na watu wengine, nao wananitegemea. Nikitoka, nitawaachia pengo."

Somo lilikuwa langu, yeye ndiye aliyelishika.

Niliendelea kupiga mahotelini miaka mingi, peke yangu na kinanda kile. Watu walipiga makofi, sikatai. Lakini nikirudi nyumbani Moshono na sanduku la kinanda, sikuwa na wa kumuuliza, "Ule wimbo wa mwisho ulikuwaje?" Upweke ndio huo, mwanangu. Unaweza kuwa na ukumbi mzima wa kukusikiliza, ukakosa hata mmoja wa kukumbuka pamoja naye.

Nawe leo unatengeneza nyimbo zako chumbani, spika masikioni, kompyuta mapajani. Sikukatazi, nyimbo zako ni nzuri, na nyingine nazipenda kweli. Ila wahenga hawakukosea, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwite walau mwenzako mmoja. Akichelewa, mngoje. Akifiwa, uache wimbo, uende msibani, maana wimbo utaukuta palepale, lakini yeye huenda usimkute. Na akikucheka ukikosea, mshukuru, kwa kuwa anakusikiliza.

Mungu akujalie kifua chenye afya, mwanangu. Na siku pumzi itakapokuishia katikati ya wimbo, awepo mtu pembeni yako anayeijua sauti yako, aishikilie mpaka urudi.