Goti Lisilokunjika

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi Mwera kukaa tu, maana serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Madukani Tanga mjini vitu vilikuwa vimerudi, sabuni hadi redio, lakini hospitali ilitutaka tujinunulie wenyewe nyuzi za kushonea na bandeji za plasta. Niliuliza soko huria hili ni huria kwa nani. Watu walikuwa wamechoka.

Mama alikuwa na goti lililovimba kama boga changa. Kwa miaka waganga walilisugua mafuta, wakalichanja, wakaliita baridi yabisi. Hospitali wakasema ni kifua kikuu.

"Mbona sikohoi?" mama akauliza. "Kifua gani hiki kilichopotea njia kikashukia gotini?"

Sindano na vidonge viliua wadudu, lakini kiungo kilikuwa kimeshaliwa. Daktari akaeleza: atalifungua goti, atakwangua kilichooza, kisha ataunganisha mfupa wa paja na wa muundi. Maumivu yataisha. Goti halitakunjika tena.

Mama akakataa. Nikambishia mchana kutwa, kama nilivyombishia kila mtu siku zile. Nikamwambia asipopasuliwa hatatembea.

"Na nikipasuliwa nitachutama vipi? Nitasujudu vipi?"

"Utasali kitini. Dini inaruhusu."

"Wewe uliyeacha kusali ndiye wa kunifundisha?"

Asubuhi akaniita. Hata shikamoo hakuisubiri.

"Lete mapapi mawili na kanga kuukuu. Nifunge mguu uwe kama atakavyoufanya huyo daktari wako. Nataka nijaribu kwanza."

Nikamfunga, mbao huku na huku, akashinda hivyo. Kwenye mbuzi ya kukunia nazi alikaa upande, mguu kautupa nje kama mpini, na nazi ikakunika. Adhuhuri alisali kitini bila kunitazama. Chooni ndiko kulikomshinda. Nilimsikia akilaani, kisha akicheka, kisha akatoka. Nikang'oa kikalio cha kiti kibovu, nikakisimamisha kiti chenyewe juu ya shimo. Akaingia tena. Alitoka jasho linamtiririka.

"Haya. Mwambie akate."

Plasta ilikaa miezi. Ilipoondolewa, mguu ulikuwa mwembamba, umepungua urefu kidogo, na hauumi. Hakushangilia. Alitembea hadi mlangoni akiuzungusha kwa nje, akarudi, akaomba maji.

Jambo moja hatukulijaribu siku ile ya mapapi. Kiti cha kusalia ni kizito, na mkono wake mmoja lazima ushike fimbo. Basi kila adhana ananiita, hata ya alfajiri. Nakibeba kutoka ukumbini, nakiweka penye mswala wake.

"Umekipinda. Kibla si huko."

Nakinyoosha. Kisha nakaa kizingitini, macho mazito, nikingoja amalize nikirudishe.