Vitanzi Vitatu

Mimi ni mwepesi wa hasira, na nikishika chaki ndiyo nazidi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma.

Nilikuwa nafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja pale Bariadi. Mwaka mmoja tulipata injini ya rota, iliyotolewa kwenye gari bovu. Injini hiyo haina pistoni. Ndani yake kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, na kila ubavu wa chuma hicho unafanya kazi ya silinda: unavuta hewa na mafuta, unabana, mchanganyiko unalipuka, kisha unasukuma moshi nje. Hakuna fundi mjini aliyewahi kuigusa. Nikavimba kichwa.

Nikawachorea wanafunzi mchoro wa presha na ujazo. Mstari wa kusimama ni presha, wa kulala ni ujazo. Injini ikibana na kulipua, kalamu inapanda, inashuka, inarudi ilikoanzia, na unapata kitanzi. Eneo lililo ndani ya kitanzi ndiyo kazi iliyofanyika. Kitanzi kikinenepa, injini ina nguvu. Kikikonda, kuna mahali panavuja. Niliupenda mchoro ule kuliko ninavyopenda watu wengi.

Kwenye mtihani wa mwisho niliuliza: rota ikizunguka mara moja, inafanya kazi kiasi gani? Jibu langu lilikuwa eneo la kitanzi kimoja.

Binti mmoja, mtoto wa wafugaji wa kijiji cha Kimali na msichana pekee darasani, alichora vitanzi vitatu. Nikamkata alama. Swali hilo ndilo lililomwangusha, maana alama alizokosa ili apate cheti zilikuwa chache tu. Nilipowarudishia karatasi, kabla sijapeleka matokeo ofisini, alisimama akapiga goti nusu, kama wafanyavyo mabinti wa kwao wakisema na mkubwa.

"Samahani, mwalimu. Rota ina mbavu tatu. Ni kama kunywesha ng'ombe kiangazi, tunawaachia kwa mafungu. Hawa wanakunywa, hawa wanakuja, hawa wanaondoka. Ukihesabu fungu moja tu, wengine umewaacha na kiu."

Baadhi ya wenzake walianza kukubali kwa vichwa, na hapo ndipo nilipochukia.

"Hapa ni karakana," nilisema, "si zizini. Ng'ombe kawahesabie baba yako."

Wakacheka. Wanafunzi hucheka mwalimu anapotaka wacheke. Yeye akasema, "Asante, mwalimu," akakaa, akafungua daftari na kuanza kuchora kitu kwa rula.

Alasiri ile ile, karakana ikiwa tupu, niliiendea injini. Nikapaka chaki kila ubavu, nikaizungusha kwa mkono. Ubavu wa kwanza ukapita penye plagi, pale mafuta yanapolipuliwa, ukaja wa pili, ukaja wa tatu, na rota ilikuwa imezunguka mara moja tu. Matokeo yalikuwa bado mezani kwangu. Ningeweza kuyabadili. Nilijiambia kwamba mwalimu akirudi darasani kukiri kosa, kesho hawatamsikiliza hata akisema kweli. Uongo mtupu. Niliogopa kuchekwa, basi. Niliyapeleka ofisini kama yalivyokuwa, nikaenda kunawa chaki.

Ilinichukua miaka miwili kufika Kimali. Kila likizo nilikuwa na sababu yangu: mvua, palizi ya pamba, msiba. Nilikuwa naona haya, na haya hiyo haikupungua kwa kukaa.

Nilimkuta penye maji ya mifugo, ameinamia pampu ya dizeli, mikono imejaa grisi. Pampu ilikuwa ya kijiji, lakini ikigoma aliitwa yeye. Aliponiona alipiga goti kwenye matope.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka," nikaitikia salamu ya kwao. Nilitamani asingepiga goti lile.

Kabla sijafungua kinywa, akachomoa daftari kwenye mfuko wa nailoni. "Bado nasoma, mwalimu. Namfundisha na mdogo wangu, naye anataka chuo." Alifungua ukurasa wenye mchoro ninaoujua. Vitanzi vyake vitatu vilikuwa vimekatwa kwa mstari mwekundu ulionyooka. Chini yake alikuwa amechora kimoja, changu, na pembeni ameandika: Sahihi. Kumbe ndicho alichokuwa anachora siku ile wenzake wakicheka.

Nikamwambia. "Vitatu ndiyo sahihi. Niliyekosea ni mimi, na nilijua siku ile ile." Nilimweleza yote, hata habari ya matokeo yaliyokuwa bado mezani.

Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu, maana hasira naifahamu. Aliwatazama ng'ombe waliokuwa birikani, fungu moja likinywa na jingine likisubiri, na midomo yake ikawa inacheza kama anayehesabu.

"Kwa hiyo, mwalimu, nilikuwa nimefaulu?"

"Ulikuwa umefaulu."

Akafunga daftari, akalirudisha kwenye mfuko taratibu.

"Basi kamwambie baba," alisema. "Yeye mpaka leo anajua nilikwenda Bariadi kucheza."

Nikamuuliza baba yupo wapi.

"Yupo zizini, mwalimu. Anahesabu ng'ombe."

Nikavua viatu, kwa sababu ya matope, nikaanza kwenda.